Barua Zilizolala na Mjomba Nuchim

Montreal, 9 Novemba 1986

Mdogo wangu Sheldon,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Roz, na watoto wenu ambao siwajui hata kwa majina. Mimi ni mzima, ukiyaacha magoti na masikio. Natumaini nanyi hamjambo huko, na kwamba baridi bado haijaanza kuwatafuna.

Habari ya msiba nimeipata kwa kuchelewa, tena kwa mtu baki. Mke wa muuza nyama wetu hapa mtaani ana dada yake Winnipeg, naye aliniuliza dukani mbele za watu kama nimeshamaliza matanga ya mjomba wangu. Nikamjibu ndiyo. Nimekaa na uongo huo wiki tatu sasa. Pole sana, ndugu yangu. Baba yako, Mjomba Nuchim, alikuwa kaka pekee wa mama yangu, na mimi sikumzika.

Unakumbuka Pasaka yetu Wayahudi ya mwaka 1949, wala usijifanye hukumbuki. Ulikuwa na miaka kumi na minane, umekaa upande wa dirisha. Mimi nilikuwa na miezi michache tu Kanada, nimetoka kambini Ujerumani nikiwa na koti la kuazima. Niliitazama meza ya baba yako, samaki, kuku, viti vya ziada vimeegemezwa ukutani, nikamwambia: "Meza yote hii, na hukuwa na nafasi ya mtu mmoja, dada yako?" Mama yako akaangua kilio. Mjomba akainuka. Aliingia chumbani akarudi na kasha la chai, akaliweka mbele ya sahani yangu. "Barua za mama yako zote hizi," akasema, "tangu nilipofika nchi hii mpaka vita. Soma." Nikasema sitaki karatasi, nilimtaka mama. Asubuhi nikapanda treni. Miaka thelathini na saba hakuna aliyemwandikia mwenzake.

Sasa nakuja kwako kuomba kile nilichokikataa kwake. Jumuiya yetu hapa imefungua kituo cha kukusanya karatasi na picha za sisi tuliobaki baada ya vita, kabla hatujaisha. Kila mtu anakwenda na bahasha yake. Jirani yangu Bronka amepeleka picha ya watoto wawili wa dada yake, na cheti cha chanjo cha mmoja wao. Mimi nilikwenda mikono mitupu, nikakaa kwenye kiti kama mtu aliyekuja kuonja supu. Msichana wa pale anaitwa Estelle Abitbol, watu wao ni Wayahudi wa Moroko, Kiyidi, lugha yetu ya nyumbani, hajui hata neno, ila anajua kusikiliza. Akaniuliza, "Mama, huna hata picha moja?" Sina. Nilivuka mto Bug kuwakimbia Wajerumani usiku mmoja wa Desemba 1939 na kaka yangu Srul, nina miaka kumi na mitatu, tukamwacha mama kwetu Hrubieszów na mdogo wetu Leibush aliyekuwa bado anabebwa. Tulisema tunarudi baada ya wiki mbili. Nani hubeba picha ya mama yake kwa safari ya wiki mbili? Srul naye alinifia kwa homa ya matumbo Kazakistani.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Uso wa mama umenitoka. Mikono yake ninayo, aproni yake ninayo, namna alivyosimama jikoni akiegemea mguu mmoja. Uso hakuna. Nikijaribu usingizini, huja uso wa Bronka.

Kwa hiyo nakuomba lile kasha. Usinipigie simu, mimi na simu siku hizi hatusikilizani. Niandikie.

Dada yako,
Hinda


Winnipeg, 2 Desemba 1986

Dada Hinda mpendwa,

Heshima zako. Sisi hatujambo, Roz anakusalimu sana na amesema nikwambie watoto ni Marla na Elliot, na kwamba wote wawili wakubwa kuliko akili zao. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nyuma ya kaunta dukani kwangu, karibu nimpe bibi mmoja dawa ya kikohozi wakati yeye alikuja kutafuta dawa ya kufungua tumbo.

Baba alituacha siku moja baada ya mwaka mpya wetu. Matanga hayakutimiza hata siku saba za desturi, kwa kuwa sikukuu ya Toba iliyakata. Alikwenda taratibu, akili yake nzima, akilalamika chai haina moto. Kila asubuhi sasa niko sinagogi kumsomea sala ya wafu. Watu kumi wanaotakiwa ili sala hiyo isomwe inabidi tuwatafute kwa tochi. Jana tulimtoa mtu kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa.

Pasaka ile naikumbuka. Baba naye aliikumbuka, ingawa hakuitaja. Kila mwaka baada ya hapo mama alitaka kutoa vile viti vya ziada ndani, na baba alikataa visitolewe.

Kuhusu kasha, nalijua. Nyumba ya baba tumeifunga na vitu vyake viko huku na huku. Nitatafuta, usiwe na wasiwasi. Hivi, dada, zile barua zilikuwa na mambo ya dini? Nauliza tu. Unajua sisi tuliozaliwa huku, Kiyidi tunakisikia kidogo, kukisoma hatujui. Mimi nilifundishwa herufi ili nisome sala, na nilisoma bila kujua ninachomwambia Mungu.

Mdogo wako,
Sheldon


Montreal, 31 Desemba 1986

Mdogo wangu Sheldon,

Mimi ni mzima zaidi ya mwezi uliopita, na kosa ni lako. Salamu kwa Roz, Marla na Elliot. Nimewasha mishumaa ya sikukuu ya Hanuka, nikakaanga viazi vingi mno kwa mtu mmoja, nikambebea Estelle kituoni vilivyobaki. Akavila juu ya meza ambayo ameandika kwa herufi kubwa kwamba hairuhusiwi kula.

Mambo ya dini? Mama yangu aliandika habari za mafua, za sabuni, na za majirani waliomkosea. Juu ya kila karatasi aliweka maneno ya "kwa msaada wa Mungu", kama kila mtu wa kwetu, hata wale waliokuwa wanaandika matusi. Baada ya hapo Mungu alikuwa hatajwi tena mpaka mwisho, pale pa kumwombea kaka yake afya.

Sasa sikiliza, maana Estelle amenifundisha na mimi nimekuwa mwalimu mbaya kuliko yeye. Ukilipata kasha, usifungue mafungu mwenyewe. Ikibidi kamba zitoke, zikate kwa mkasi, usivute. Usigandishe chochote kwa utepe wa gundi, hata pakiwa pamechanika, ule utepe baada ya miaka hula karatasi. Usiweke karibu na bomba la moto wala kwenye mfuko wa nailoni. Na usiandike nyuma ya picha kwa kalamu. Najua wewe ni mtu wa dawa na mikono yako ni safi, lakini nawa tena.

Kuna picha humo. Nina hakika. Kiangazi cha 1937 mama alikwenda kwa mpiga picha wa sokoni ili mjomba aone kwamba bado ana meno yake yote. Alivaa kola ya kuazima kwa mwalimu wangu. Mimi nilisimama pembeni nikamchekesha mpaka mpiga picha akanitoa nje, kwa hiyo sikuona alivyokaa, na picha ilipokuja iliingia moja kwa moja kwenye bahasha ya Kanada. Sasa nina miaka sitini, na nimekaa nikimngoja mpiga picha amalize.

Nimeshamwambia Estelle. Ametenga rafu. Nilimwambia asiandike jina langu mpaka kasha lifike, lakini nimeona ameliandika.

Dada yako,
Hinda


Montreal, 15 Februari 1987

Sheldon,

Salamu. Mimi mzima. Ninyi je?

Hanuka imepita, mwaka mpya wa wenyewe umepita, miezi miwili imepita. Winnipeg si mji mkubwa, na nyumba ya mjomba ilikuwa na vyumba vitano, nilivihesabu siku ile nikitafuta mlango wa kutokea. Kasha la chai si sindano. Kama Roz amelifanya la kuwekea vitunguu, sema tu, sitakasirika. Nitakasirika, lakini sema.

Kila Jumanne nakwenda kituoni. Estelle ananipa kazi ya kuwasomea watu wengine barua zao, maana wajuao kusoma Kiyidi tunapungua. Jumanne iliyopita nilimsomea kijana mmoja barua ya bibi yake. Bibi alikuwa anamgombeza binti yake kwa kutovaa soksi. Kijana alilia kwa ajili ya soksi. Mimi nilifika nyumbani nikavunja sahani, sijui kwa nini.

Nijibu.

Dada yako,
Hinda


Winnipeg, 3 Machi 1987

Dada Hinda,

Hatujambo, Mungu ashukuriwe. Nisamehe kwa ukimya. Kuna baridi ambayo hata mbwa hawabweki, na dukani ni mafua matupu. Kasha bado natafuta. Vitu vingine viko kwa watu. Nivumilie kidogo.

Mdogo wako,
Sheldon


Winnipeg, 26 Aprili 1987

Dada yangu Hinda,

Natumaini barua hii imekukuta mzima na umeketi. Kama umesimama, keti.

Kasha silitafuti. Sikuwahi kulitafuta. Nilijua lilipo tangu siku nilipopata barua yako ya kwanza, na nimekudanganya miezi mitano. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nimeumwa kweli, Roz anadhani ni vidonda vya tumbo.

Siku mbili kabla hajafa, baba alinionyesha kasha juu ya kabati, akaniambia, "Zile karatasi, usitupe." Hakusema zaidi. Niliapa sitatupa. Alipofariki nililishusha, nikafungua, nikaona mafungu yamefungwa kamba, herufi za Kiebrania tupu, zile zile zinazoandikia Kiyidi na sala, na juu ya kila karatasi niliyoichungulia ule ufupisho wa "kwa msaada wa Mungu". Kilio cha mama Pasaka ile nilikikumbuka, kasha sikulikumbuka. Nikasema basi, ni maandiko ya baba, pengine ni mafundisho aliyoandika akisoma kwa mwalimu wake wa zamani. Wewe unajua sisi karatasi yenye jina Lake hatuitupi jalalani, tunaizika kama mtu. Sinagogini tuna pipa la vitabu vya sala vilivyochakaa vinavyongoja kuzikwa. Na wazee wa chama cha mazishi wakaniambia kuna heshima kubwa kuliko pipa: mtu mwema akifa, karatasi takatifu huzikwa pamoja naye, alale nazo.

Niliona hiyo ndiyo njia ya kutotupa kuliko zote. Nilizitia mwenyewe kwenye gunia jeupe la kitani, mafungu yote bila kufungua hata moja, nikalishona mdomo. Tuliliweka miguuni pake, nje ya jeneza. Wazee walinipongeza, wakasema Nuchim ana mtoto. Dada, nilijisikia fahari. Ile ilikuwa siku pekee katika maisha yangu niliyojiona Myahudi wa kutosha mbele ya baba.

Barua yako ilipokuja nikajua nilichozika. Nilitaka kukwambia. Kila asubuhi nilisimama kumsomea sala nikisema leo nitaandika. Halafu ile barua yako ya viazi na Estelle ikaja, na rafu yenye jina lako, nikashindwa kabisa. Pasaka hii tulipofika pale pa kumfungulia nabii mlango, kama ilivyo desturi, Elliot aliufungua, nikahisi wewe ndiye utakayeingia. Sikula.

Naomba msamaha. Sijui mtu anaombaje msamaha kwa jambo kama hili, lakini naomba.

Mdogo wako,
Sheldon


Montreal, 4 Mei 1987

Sheldon,

Sitakusalimu. Hali yangu haikuhusu.

Nilipomaliza kusoma nilicheka, Bronka akatoka kwake kuja kuuliza kuna nini. Mtu aliyesoma miaka mitano chuo cha dawa, anayesoma vibandiko vya chupa kwa Kilatini, hakuweza kumtafuta mzee mmoja Winnipeg nzima amsomee mstari mmoja wa Kiyidi. Mstari mmoja! Ungeambiwa, "Hapa anasema Leibush ana surua," na yote haya yasingekuwa. Ulimzika mama yangu, Sheldon. Wajerumani hawakumzika, walimwacha sijui wapi. Wewe ukaja ukamzika gunia zima pasipo mtu wa kumlilia.

Hilo ningeweza kulimeza. Ulikosea kwa adabu, ni kosa la kwetu, marehemu baba yangu mwenyewe angeweza kulifanya. Lile lisilopita kooni ni miezi mitano. Nilimpelekea Estelle barua yako, nikamtafsiria. Aliniuliza ardhi ya huko huganda mwezi gani. Nikamwambia huko hata mate huganda. Akasema karatasi iliyoganda haiozi wala wino wake hautembei, ingekaa hivyo majira yote ya baridi kama nyama kwenye friza, na laiti tungeambiwa Desemba, au hata Machi, ungechimbwa udongo ukiwa jiwe na gunia likatoka kavu. Kinachoua ni maji ya theluji inapoyeyuka. Theluji yenu imeyeyuka lini, Sheldon? Nimesoma gazetini mto wenu umefurika wiki ya Pasaka. Ulingoja mpaka maji yalipoingia ndipo ukapata ujasiri.

Nataka kaburi lifunguliwe. Najua ninachosema. Najua haifanyiki kwetu, maiti haisumbuliwi. Nenda kwa rabi wako, mwambie mjomba aliagiza zisitupwe, na mtoto wake hakumwelewa. Akikataa, mwambie aniandikie yeye mwenyewe, kwa Kiyidi.

Estelle anasema zikitoka zimelowa, msizifungue, msizianike, msizipanguse. Zitiwe kwenye barafu saa hiyo hiyo, ziletwe hapa zimeganda. Fanya hivyo tu, usiongeze heshima yoyote ya kwako.

Hinda Lederhendler


Winnipeg, 24 Mei 1987

Dada Hinda,

Salamu, hata kama hutazipokea. Nakuandikia ili ujue kila kitu kilivyokwenda, sitaficha tena.

Rabi alichukua siku tisa. Alisoma, akaandika New York, akasubiri, akanipigia simu na kuniuliza swali moja tu: gunia lilikuwa ndani ya jeneza au nje? Nikasema nje, miguuni. Akasema, kama ni hivyo, ichimbwe njia ya pembeni kutokea chini, jeneza lisiguswe na ubao wake usionekane kama inawezekana. Akasema pia kwamba mtoto aliyeelewa vibaya wosia bado anadaiwa kuutimiza.

Tulikwenda Jumatano asubuhi, watu kumi. Wachimbaji wawili walitangulia, na sehemu ya mwisho nilichimba mwenyewe, nina miaka hamsini na sita na sijawahi kushika koleo isipokuwa la theluji. Kabla hatujaanza nilivua viatu nikasimama kwenye tope, nikasema kama rabi alivyonifundisha: "Baba, Nuchim mwana wa Zalmen, tusamehe kama tunakuvunjia heshima. Tunafanya kwa ajili ya dada yako Brucha na mtoto wake." Nilipofika kwenye jina la shangazi nililirudia. Nikagundua sikuwahi kulitamka. Nyumbani kwetu halikuwa likitamkwa.

Maji yalikuwepo. Sitakudanganya, yalikuwa yamejaa shimoni mpaka kwenye kifundo cha mguu. Gunia lilitoka zito kama mtoto aliyelala, limegeuka rangi ya udongo, na maji yaliyochuruzika yalikuwa ya zambarau. Mzee mmoja alisema, "Ni wino huo."

Sikufungua. Nilikuwa nimeazima kasha la barafu kwa muuza samaki, lile analoletea samaki kutoka ziwani, nikalijaza barafu nikatia gunia, na mchana ule ule likapanda ndege. Nimesahau kulisafisha harufu. Mwombe Estelle anisamehe hilo pia.

Nakuomba msamaha mara ya pili. Sheria yetu inataka mara tatu, na ya tatu nitakuja kuisema mlangoni kwako ukiniruhusu. Usiponiruhusu, nitaisema nje.

Sheldon


Montreal, 13 Septemba 1987

Mdogo wangu Sheldon,

Salamu zangu zikufikie wewe na nyumba yako yote. Nimekaa kimya majira yote ya joto, si kwa hasira, ingawa hasira ilikuwepo mpaka Julai. Nilikuwa nangoja Estelle amalize kazi. Natumaini vidonda vya tumbo vimepungua. Najua umemaliza miezi yako kumi na moja ya kumwombea mjomba. Mungu aikubali kila asubuhi moja.

Msamaha wako wa tatu huna haja ya kuuleta mlangoni, ingawa mlango uko wazi na kitanda kipo. Nimekusamehe. Si kwa sababu ni mwezi wa Toba na kila mtu anamwomba mwenzake radhi hata kwa kumkanyaga kwenye basi. Nimekaa nikaona kwamba wewe ulizika barua usizojua ni za nani. Mimi niliwekewa mezani, nikiambiwa ni za nani, nikijua kusoma. Mwenye kosa kubwa ni mimi. Nimekwenda kaburini kwa mume wangu nikalia kwa ajili ya mjomba, kwa kuwa huko kwenu ni mbali.

Sasa nikueleze. Estelle alizitia kwenye friza lao kubwa, kisha kwenye mtambo unaotoa maji bila kuyeyusha, kazi ya wiki saba. Harufu ya samaki haijatoka mpaka leo, wanaoingia wanadhani tunapika. Kisha alianza kutenganisha karatasi moja moja kwa kijiti cha mfupa, na mimi nikikaa mbele yake, mikono kwenye mapaja, nimekatazwa kugusa.

Ni barua sitini na moja. Mama alitumia wino wa zambarau, ule wa unga ambao tulikuwa tunaukoroga nyumbani. Maji yameuchukua wote. Karatasi zina mawingu ya zambarau na hakuna neno. Estelle alijaribu taa zake za kila aina. Aliniacha nitazame mwenyewe kwenye taa ya mwisho, akatoka nje ya chumba. Hakuna neno, Sheldon. Hata lile la juu.

Picha zilikuwa tatu. Picha ikilowa, sura yake hujitenga na karatasi kama utando juu ya maziwa, na zile zilikuwa zimeshikamana na barua. Mbili ni nyeupe. Ya tatu nadhani ndiyo ile ya 1937, kwa kuwa kwenye kona umebaki mguu wa kiti, kile kiti cha mpiga picha wa sokoni kilichochongwa zabibu. Kiti ninacho. Aliyekaa hayupo. Nilimwambia Estelle aihifadhi hivyo hivyo. Nilifika nyumbani nikalala siku tatu, Bronka akiniletea mchuzi na kunitukana ili nile.

Siku ya nne Estelle alikuja kwangu kwa miguu, alikuwa hajawahi kuja. Akasema mwishoni mwa baadhi ya barua kuna kitu cha kijivu, alidhani ni uchafu, na kumbe ni mwandiko, ila yeye hawezi kuusoma. Nikavaa viatu. Ilikuwa penseli. Wino ulikuwa wa mama, mimi sikuruhusiwa kuushika nisije nikaumwaga. Yeye akimaliza alinipa penseli na upana wa vidole viwili chini ya karatasi ili nimsalimie mjomba. Hata sikukumbuka. Maji hayaiwezi penseli, Estelle anasema, ingekaa miaka mia humo.

Kwa hiyo katika barua zote za mama yangu nimebaki mimi. Mahali pa mama ni peupe, chini yake mimi naropoka. Kituoni kuna fomu, na penye jina la mwandishi Estelle ameandika langu. Niligombana naye, nikamwambia mwandishi ni Brucha Szafran, mimi nilikuwa mtoto wa kusalimia tu. Akasema hawezi kuandika jina la mtu ambaye hakuna neno lake linalosomeka. Akalia akiniambia hivyo, lakini hakubadilisha. Ndivyo litakavyokaa kwenye rafu: barua za Hinda.

Nimekunakilia baadhi kwa lugha yenu, uwasomee Marla na Elliot. Wasomee polepole, niliziandika polepole.

Mwaka 1933: "Mjomba, mimi ni Hinda. Najua kuandika."

Mwaka 1936: "Mjomba, asante kwa viatu. Vinanibana lakini mama amesema hilo nisiandike."

Mwaka 1938: "Mjomba, Leibush amezaliwa. Mama anasema anafanana na wewe. Mimi naona anafanana na kiazi."

Na hii ni ya mwisho, Agosti 1939. Ilikuwa kwenye kona, imeandikwa wima kwa kukosa nafasi:

"Mjomba, leo mama amejaza karatasi yote mbele na nyuma, nimebakiwa na hapa tu. Ameandika tangu asubuhi na amelia. Nimemuuliza anakuandikia nini, amesema ni salamu tu. Hataki nisome. Nikija Kanada wewe utanieleza alichosema."

Dada yako,
Hinda